Lushoto Hatuna Mtu

"Lushoto mna nani?"

Mama yangu aliniuliza hivyo kwa simu kutoka Masasi, nilipomwambia kwamba mimi na mke wangu, Mama Salma, tumechukua likizo pamoja na tunakwenda milima ya Usambara. Nikamjibu kwamba hatuna mtu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama kuna msiba. Hakuna, mama. Harusi? Hakuna. Basi ni mambo ya kazi. Nikasema si ya kazi, tunakwenda kutembea tu. "Haya mwanangu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamua kumwachia Mungu, "mkifika mnijulishe."

Sikumlaumu. Tulivyolelewa, safari lazima iwe na shughuli yake. Mtu husafiri kwenda kuzika, kuoa, kuuguza, kuhani, kumpeleka mtoto shule, kufuata mzigo, kuhudhuria semina. Akiwa na likizo huenda kwao, na huko kwao hakuna kupumzika. Kuna bati la jiko la bibi linavuja, kuna ugomvi wa mpaka wa shamba, kuna ada ya mtoto wa kaka, na kuna kukaa chini ya mwembe ukisimuliwa waliokufa tangu ulipoondoka. Ukirudi Dar es Salaam unatamani likizo nyingine. Kwa mume na mke waliotoka pande mbili za nchi mambo huwa mazito zaidi. Sisi mwaka huu ni Masasi, mwaka ujao ni Kiomboi kwa wakwe, na mwaka ambao hela haikutosha kila mmoja anakwenda kwao peke yake na watoto wanagawanywa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 mfululizo za mapumziko yenye malipo kila mwaka, wala haimwambii azipeleke wapi. Utumishi wa umma una zaidi ya hapo: mtumishi hulipiwa nauli ya likizo mara moja kila miaka miwili, yeye na mwenzi wake na watoto wao, na nauli hiyo hupigiwa hesabu ya kwenda kwao. Serikali na mama yangu, kumbe, wana mawazo yaleyale.

Wazo la Lushoto lilikuwa la mke wangu, na lilianzia mbali sana, Costa Rica. Mama Salma ni muuguzi, na akitoka zamu ya usiku usingizi humkimbia, basi hujilaza na simu akitazama watu wakitembea dunia. Siku hiyo aliwaona mume na mke wa Kimarekani wamevaa makoti ya mvua, wanavuka daraja jembamba lililoning'inia katikati ya msitu wenye ukungu, wanacheka kwa kuwa daraja linayumba. Akaniamsha anionyeshe. Nchi yenyewe iko Amerika ya Kati, ina kilomita za mraba kama 51,000 tu, na Tanzania ingeweza kuimeza mara kumi na nane. Ilivunja jeshi lake mwaka 1948. Kiasi cha robo ya ardhi yake ni hifadhi, na mwaka 2019 ilipokea wageni zaidi ya milioni 3, wengi wao wakifuata misitu na fukwe. Mama Salma hakuuliza lolote kati ya hayo. Aliuliza nauli. Tukapiga hesabu ya tiketi mbili, tukacheka mpaka mtoto akaamka.

Halafu akaitazama tena ile picha na kusema, "Baba Salma, mbona msitu huu ni kama wa Amani?" Alisomea uuguzi Muheza, chini kabisa ya Usambara ya Mashariki, na siku za mapumziko walikuwa wakipanda na wenzake hadi Amani, kwenye bustani za miti zilizoachwa na taasisi ya utafiti ya Wajerumani ya mwaka 1902. Kwa nini basi tusiende Amani? Kwa sababu Muheza anafahamika, akasema. Angeshuka tu kwenye basi, angeshikwa mkono, angepelekwa kusalimia, na likizo ingeishia sebuleni kwa watu. Alitaka mahali ambako hakuna anayemjua yeye wala anayenijua mimi. Ndipo tukakubaliana Lushoto.

Kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi, basi linapita Chalinze, linakamata njia ya kaskazini hadi Segera, linaingia Korogwe, na kuanzia hapo mlima unakuwa upande wako wa kulia mfululizo, kama ukuta. Chini yake ni mkonge, mstari kwa mstari. Mombo ni joto tupu. Mabasi ya Arusha yanasimama hapo watu wale chipsi na kuku, kisha yanaendelea zake tambarare. Wa Lushoto wanashusha mabegi na kutafuta Coaster. Letu lilijaa viroba vya mchele na kreti za soda, maana mlimani hupandishwa vya dukani na hushushwa vya shambani. Barabara ina kama kilomita 33 na inapanda mita zipatazo 1,000, huku korongo liko upande mmoja na mwamba upande wa pili. Dereva hupiga honi kila kona kwa sababu Fuso za kabichi zinateremka bila kusubiri mtu. Masikio yaliziba, yakazibuka, yakaziba tena. Jambo nililoliona nikalipenda ni wenyeji: kwenye kona fulani kabla ya Soni, sisi bado tunajipepea, abiria mmoja baada ya mwingine alianza kutoa sweta kwenye mfuko na kuvaa, bila kuambiana. Kona mbili tatu baadaye baridi ikaingia madirishani. Mama Salma sweta lake lilikuwa ndani ya begi, na begi lilikuwa juu ya keria.

Soni pana maporomoko ya maji kando ya barabara na soko lenye kelele. Wanawake wanakimbilia madirishani na sado za plamu na mapea. Bei ni ya sado, na sado hujazwa mpaka plamu ya juu kabisa inashikiliwa kwa kidole.

Kwenye nyumba ya wageni tulipewa kitabu. Mtanzania yeyote aliyewahi kulala gesti anakijua kitabu hicho: jina, kabila, unakotoka, unakokwenda, kazi, sababu ya safari. Binti wa mapokezi, mpole, ana kofia ya sufu, alituuliza, "Mmekuja semina ya nani?" Mji una Chuo cha Uongozi wa Mahakama, una ofisi, una hosteli za masista, na watu wa makamo wenye mabegi madogo kwa kawaida ni wa semina. Nikasema hatuna semina. Akanitazama, akamtazama mke wangu, akatazama vidole vyetu. Hapo nikaelewa anachowaza, na kusema kweli ningekuwa yeye ningewaza hivyohivyo. Mume na mke wana nyumba yao. Wawili wanaosafiri mbali, bila watoto, bila shughuli, wakataka chumba kimoja, mara nyingi kila mmoja ana mwenziwe kwingine. Ndoa halali haina haja ya gesti. Mama Salma ndiye aliyetuokoa. "Mdogo wangu," akamwambia, "huyu ndiye mume wangu, watoto tumewaacha Tabata kwa shangazi yao, na kama una maji ya moto tupatie ndoo mbili." Binti akacheka. Kwenye sababu ya safari niliandika: matembezi. Aliyekuwa juu yangu aliandika: kununua viazi.

Nchi hii ya Washambaa ina historia ndefu ya wageni wasio na mtu. Wa kwanza kukumbukwa ni Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu katika karne ya 18. Alikuwa kigego, aliota meno ya juu kwanza, na ndugu zake walimnyima urithi kwa hofu ya mkosi. Akaondoka na mbwa wake na mikuki, akaingia milimani ambako hakuwa na ukoo wala shamba. Simulizi zinasema aliua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mazao, akawagawia watu nyama, nao wakampa chakula cha shamba. Nyama kwa ndizi. Baadaye, usiku aliofika Vuga, aliua simba. Washambaa wakampa wake, kisha wakampa utawala, na uzao wake, Wakilindi, ukatawala kutoka Vuga kwa vizazi kadhaa. Habari zao aliziandika kwa Kiswahili Abdallah bin Hemedi, katika kitabu ambacho hadi leo watafiti wa Usambara hawawezi kukikwepa. Mwaka 1848 mmisionari Krapf alitembea kutoka pwani hadi Vuga kumwomba Kimweri, mtawala wa mlolongo huo, ruhusa ya kuleta walimu wa dini. Naye hakuwa na mtu, na ilibidi aje na maneno mazuri na zawadi.

Nilimsimulia Mama Salma kisa cha Mbegha tukiwa tumejifunika blanketi mbili mbili, umeme umekatika. Akauliza, "Sasa sisi tumewaletea nini?" Nikasema tumeleta hela. "Hela kila mtu anazo," akasema, jambo ambalo si kweli, lakini nilijua anachokusudia.

Wajerumani waliokuja baada ya Krapf hawakuomba. Lushoto waliipa jina la Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao, wakajenga nyumba zenye mabomba ya moshi, wakapanda miti ya kwao. Reli ya kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na hapo ofisa aliyechoshwa na joto na malaria ya pwani akawa na njia rahisi ya kupanda kupunga hewa. Waingereza walipoishika nchi katika Vita vya Kwanza vya Dunia jina la Lushoto lilirudi, lakini desturi ya wakubwa kupanda kupumzika waliiendeleza, na mpaka leo mjini kuna Ikulu ndogo. Mji wenyewe basi ulijengwa kwa ajili ya mapumziko, jambo ambalo ni nadra katika nchi yetu. Tabora ilijengwa na misafara, Tanga ilikuzwa na bandari na reli, Lushoto mzungu aliitaka kwa baridi yake.

Ila kuna upande wa pili, nao niliupata katika vitabu vya historia kabla ya safari na haukunitoka kichwani. Kuanzia mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal ilikuwa na utaratibu wa kadi za kazi. Kila mwanamume alipewa kadi, na katika kila miezi minne alitakiwa kumfanyia kazi mwajiri wa Kizungu siku 30 kwa ujira uliokwisha pangwa. Asiyeijaza kadi alipelekwa kwenye kazi za serikali. Mahali pa wengine kupumzika palikuwa ndipo mahali ambapo mwenyeji alihesabiwa siku, siku 90 kwa mwaka. Nikizitazama siku zangu 28 kwa macho hayo, sizioni tena kuwa kitu kidogo. Waingereza nao, miaka ya 1950, walikuja na mpango wa kuwalazimisha wakulima kulima kwa matuta ili udongo usimomonyoke. Udongo ulikuwa unamomonyoka kweli. Lakini kazi ya kuinua matuta kwenye miteremko ile iliwaangukia watu waliokwisha choka, wengi wao wanawake, na Washambaa wakaugomea mpango mpaka ukafa. Siku hizi ukipita Lushoto unaona makinga maji na matuta yaliyopandwa majani ya ng'ombe ukingoni, na hakuna askari anayesimamia.

Asubuhi moja tulikuwa tunatembea njia ya Irente. Mbele yetu alikuwa mama mmoja wa makamo amejitwisha furushi la kabichi, nguo imefungwa kwa kukaza, kabichi zimepangana nje ya kitambaa kama mafuvu ya kijani. Alikuwa anapanda, sisi hatuna mzigo, na bado alituacha. Alipofika kwenye jiwe akatua kupumzika, nasi tukamfikia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnatoka wapi?"

"Dar es Salaam."

"Mna nani huku?"

Mke wangu akanitazama. "Hatuna mtu, mama. Tumekuja kupumzika."

Yule mama hakushangaa kama nilivyotegemea. Alitaka kujua tunakula wapi na kama tumepewa blanketi za kutosha. Mama Salma akaomba kulinyanyua lile furushi. Alilifikisha magotini, akalirudisha chini. Ana mikono ya kugeuza wagonjwa kitandani, si mtu dhaifu. Ndipo akamuuliza, "Na wewe mama, ukitaka kupumzika unakwenda wapi?"

"Dar es Salaam," akajibu. "Nina binti yangu Mbagala. Nikifika kule nalala hadi saa nne, naangalia televisheni, wajukuu wananiletea chai. Joto lipo, lakini hakuna mlima."

Tulicheka sote watatu, yeye zaidi. Alitueleza kwamba kabichi zile anazipeleka barabarani kwa mnunuzi wa gari, na mnunuzi ndiye mwenye gunia. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, kisha linaongezwa kilemba na kushonewa kamba, lumbesa, na bei inabaki ya gunia moja. Kabichi ile ikifika Ilala au Mabibo inauzwa moja moja. Nimenunua kabichi ya Lushoto miaka yote Tabata, kwa kuchagua na kulalamika bei, na sikuwahi kujiuliza ilishukaje mpaka barabarani. Inashuka kichwani, na kabla ya kushuka inapanda.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya hii, na ukisimama Irente unaona jinsi wanavyoenea. Mashamba yamepanda mpaka pale ambapo jembe likikuponyoka hulioni tena. Msitu umebaki juu, kwenye hifadhi, na mpaka wake unaonekana kwa macho: huku mahindi na maharage, pale ghafla giza la miti.

Hifadhi ya Magamba, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia, ina zaidi ya hekta 9,000 za giza hilo. Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, na misitu yake imekaa ikinyweshwa na pepo za Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, hata pale nyika za jirani zilipokauka. Ndiyo sababu ina viumbe vyake yenyewe. Kijana aliyetuongoza alisimama mbele ya kichaka ambacho mimi nilikiona kichaka tu, akaingiza mkono, akatoka na kinyonga wa pembe mbili, aina isiyopatikana nje ya Usambara ya Magharibi. Mimi nilirudi nyuma hatua kadhaa. Kwetu kinyonga haguswi, na elimu yangu yote haikusaidia kitu. Mama Salma alinyoosha kidole na mnyama akakipanda, mguu baada ya mguu, akitikisika kila hatua kama mtu anayepima kama ardhi ipo. Jicho moja lilimtazama yeye, jingine lilinitazama mimi. Pembe zilikuwa fupi, zimebonyea pembeni, na mgongo una vijino kama vya msumeno uliochakaa. Alikaa naye muda mrefu kuliko nilivyodhani angeweza, hasemi kitu. Huyu ni mtu ambaye nyumbani hata chai anainywa amesimama.

Ua la Usambara lililosafiri kuliko yote tulilikuta kwenye kopo la rangi, barazani kwa watu. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga, ndiye aliyelipeleka kwao mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mwaka 1893 Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi la Saintpaulia. Wajerumani mpaka leo wanalitaja kwa jina la milima hii. Liko madirishani kote Ulaya na Marekani, limezalishwa rangi zisizohesabika, huku ndugu zake wa porini wakipungua kadiri msitu unavyokatwa. Na wakati huohuo mgeni mwingine alikuwa njiani kuja huku. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta Tanga miche ya mkonge iliyotokea Florida, ambako mbegu yake ilikuwa imetoka Yucatán, Mexico, jirani kabisa na ile Amerika ya Kati ya mke wangu. Ilianza safari miche 1,000, ikafika hai 62. Ukisimama ukingoni Irente, chini kwenye joto la Mazinde, mistari ile ya kijani ilianzia kwa wageni 62 wasio na mtu.

Tulikaa pale Irente kwenye shamba la Kanisa la Kilutheri tukala mkate wa ngano nzima na jibini yao. Jibini ilinikumbusha Monteverde, ule msitu wa ukungu wa Costa Rica wenye madaraja ya kuning'inia. Waliouanzishia sifa ni Wakristo wa madhehebu ya Quaker, wale ambao kwa jirani zetu Wakenya wa Kaimosi huitwa Marafiki. Walitoka Alabama mwaka 1951, baadhi yao wakiwa wamefungwa kwa kukataa kujiandikisha jeshini, wakachagua nchi isiyo na jeshi, wakapanda mlima wa mita kama 1,400, sawa na Lushoto, wakafuga ng'ombe na kutengeneza jibini. Ili maji yasikauke waliacha msitu wa juu bila kuukata, na mwaka 1972 sehemu ya mlima ule ikawa hifadhi. Nilimweleza Mama Salma hayo yote kwa shauku. Akatafuna, akasema, "Kwa hiyo tumefika." Sikubaliani naye sana. Costa Rica ina barabara nzuri za kupeleka wageni msituni, ina waongozaji waliosomeshwa, na ina wenyeji wanaotembelea hifadhi zao wenyewe. Sisi Lushoto tulikutana na Wajerumani, Waholanzi, na Watanzania wa semina.

Sasa nieleze jambo ambalo mama yangu asingeuliza. Mume na mke wakikaa siku kadhaa bila shughuli, wanafanya nini? Siku ya kwanza tulizungumzia hela: kiwanja, ada, mkopo, bima ya gari. Siku iliyofuata tulizungumzia watoto, na tukawapigia simu mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Baada ya hapo maneno yakaisha. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za nyumba, ukungu umefunika bonde lote, na hakuna aliyekuwa na la kusema, na kila mmoja alianza kuitafuta simu yake. Mama Salma akaniambia niiweke chini. Nikamwambia aweke yake kwanza. Tukanuniana kwa jambo hilo dogo karibu nusu siku, na nakiri kwamba kununiana mlimani kuna raha yake, maana hakuna jirani wala wifi wa kusuluhisha. Inabidi mmalize wenyewe.

Usiku huo akaanza kunisimulia kwa nini hapendi zamu za usiku. Nilidhani ni usingizi. Kumbe ni kisa cha mwaka fulani katika wodi ya wazazi, kisa ambacho amekibeba muda wote huo akirudi nacho nyumbani, akipika, akikagua madaftari ya watoto, akiniuliza kama nimekula. Sitakiandika hapa, ni chake. Niseme tu kwamba Dar es Salaam kisingesimuliwa. Tunaondoka alfajiri, foleni inatumaliza, tunarudi usiku, na kati ya chakula na kulala panabaki muda wa kuulizana kama umeme umelipiwa. Kisa kile kilihitaji giza, baridi, na saa ambayo haina kitu mbele yake.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu, mume na mke kwenda mlimani kutazamana. Siamini hivyo. Wazee wetu walikuwa na saa hiyo bila nauli; walitembea pamoja kwenda shamba la mbali, wakalala kwenye dungu wakilinda mahindi yasiliwe na ngedere, wiki nzima, wao wawili. Mjini hakuna shamba la mbali. Na wala siamini kwamba ndugu wanapoteza kitu. Mwaka ujao ni zamu ya Kiomboi na tutakwenda, bati la wakwe litaezekwa, na watoto watasalimia kila mtu.

Kwa waajiri na walioshika kanuni za utumishi nina ombi moja. Nauli ya likizo isimdai mtu ukoo. Muuguzi anayeomba kwenda Lushoto, au Kilwa, au Ukerewe, ambako hana mtu, alipwe kama anavyolipwa anayekwenda kuzika.

Na kwa msomaji anayetaka kwenda: ondoka Dar alfajiri ufike Mombo jua likiwepo, kwa sababu barabara ile haifai kupandwa gizani. Sweta liwe mkononi, lisiwe kwenye keria. Msituni ingia na mwongozaji wa pale pale, na umlipe bila kumkalisha kwenye bei. Ukinunua kabichi au viazi, nunua kwa aliyelima. Plamu zinaanza kuiva mwezi wa Desemba.